Kabla Hujampa Fundi Hela ya Kusafisha Laptopu

Mimi ni fundi laptopu na meza yangu iko Dodoma. Huku, kuanzia Juni mpaka mvua zianguke, ukifuta meza asubuhi, ikifika saa nne unaweza kuandika jina lako juu ya vumbi. Kwa hiyo siwezi kukwambia kwamba kusafisha laptopu ni ulaji wa mafundi. Kazi hiyo ipo na mimi nalipwa kwayo. Ila wengi wanaokuja wakisema "fundi, nipulizie hii mashine, imekuwa nzito," tatizo lao si vumbi. Ningewapulizia tu, wangerudi nyumbani na laptopu safi iliyo nzito vilevile.

Kwanza tenganisha uzito na joto.

Laptopu iliyoziba vumbi kwa kawaida huanza siku vizuri. Inawaka haraka, unasoma barua pepe, unaandika, hakuna shida. Ukiingia kwenye mkutano wa video, au ukifungua faili kubwa la Excel, baada ya muda feni inaanza kunguruma, kibodi inachoma vidole upande ambao prosesa (CPU, ubongo wa mashine) imekaa, halafu kila kitu kinalegea. Nyingine hujizima ghafla, pap, bila onyo lolote. Ukiiacha ipoe inarudi kuwa nzima, mpaka uipe kazi tena.

Ile iliyo nzito tangu unapobonyeza kitufe cha kuwashia, unayopika chai ukisubiri Windows itulie, na wakati wote huo ni ya baridi na feni imenyamaza, ina ugonjwa mwingine. Mara nyingi bado inatumia diski ya zamani ya kuzunguka, au ina RAM (kumbukumbu ya kazi, Memory) ya GB 4 iliyobebeshwa Chrome yenye tabo kibao.

Kujua tatizo liko wapi hakuhitaji fundi. Laptopu ikiwa imelegea, pale pale, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Nenda kwenye Performance. Ukikuta Disk imeganda kwenye asilimia 100 huku CPU iko chini, hela yako ni ya SSD, ile diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi. Ukikuta Memory imefika asilimia 90 na kitu, hela yako ni ya RAM. Ukikuta CPU ndiyo iko juu na wewe hufanyi chochote, rudi kwenye Processes ubofye neno CPU ili zijipange, uone nani anakula. Inaweza kuwa Windows inajisasisha, inaweza kuwa antivairasi inakagua mafaili, inaweza kuwa kidudu ulichoingiza na programu ya bure. Feni inayopiga kelele wakati CPU ina kazi kweli inafanya wajibu wake. Ya kuitilia shaka ni ile inayonguruma huku CPU iko asilimia 5.

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea HP yake ikiwa imefungwa kwenye kanga.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa hii ina uchafu ndani, inataka servisi. Ni kiasi gani?"

Niliiwasha mbele yake. Joto lilikuwa nyuzi 47, feni kimya, diski asilimia 100 tangu inawaka na haishuki.

"Mwalimu, hela ya servisi iweke kwanza. Ongezea, tukuwekee SSD."

"Kwa hiyo uchafu hauna?"

"Upo, mwalimu. Haujafika mahali pa kukuzuia kufanya kazi."

Alinitazama kwa shaka, maana alikuwa amezoea mafundi wanaokubali kila ugonjwa mteja anaoutaja. Nilimgeuzia kioo aone mwenyewe.

Sasa tuseme umeangalia na dalili zako ni za joto kweli. Usije bado. Pima.

Pakua programu ya bure ya kusoma joto. Mimi natumia HWiNFO, na HWMonitor nayo inatosha. Kwenye Linux (mfumo wa bure mbadala wa Windows), amri ya sensors inakupa namba hizo hizo ukishaweka lm-sensors. Weka laptopu juu ya meza ngumu, si kitandani wala mapajani, iache imewaka bila kazi kwa robo saa. Katika chumba cha kawaida cha kwetu, prosesa inayopumzika kati ya nyuzi 40 na 55 haina neno. Kisha ipe kazi nzito inayoeleweka. Kama una 7-Zip, ndani ya menyu ya Tools mna Benchmark. Iendeshe kwa dakika kumi hivi huku ukitazama joto, na huku Task Manager ikikuonyesha kasi ya prosesa kwa GHz.

Laptopu ikifika 80 au hata 88 chini ya kazi nzito, watu hushtuka. Usishtuke. Nyingi zimeundwa kuishi huko. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100, na zikikikaribia zinajipunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Kinachonifanya nichukue bisibisi ni joto linaloganda 95 kwenda juu na kasi inayoporomoka chini ya ile iliyoandikwa kwenye jina la prosesa. Kwa mfano, imeandikwa 2.40 GHz lakini kazini inatambaa kwenye 0.9. Hapo unalipia mashine nzima na unatumia kipande.

Tazama pia namna joto linavyopanda, kwa sababu hapo ndipo utajua unahitaji kupuliziwa tu au kubadilishiwa pesti. Ili nieleweke, nieleze kidogo kilichomo ndani. Juu ya prosesa hupakwa pesti ya kijivu ya kupitishia joto. Juu ya pesti hukaa kibati cha shaba, kibati kimeungwa na bomba jembamba la shaba, na bomba huishia kwenye mapezi membamba pembeni mwa laptopu, pale hewa ya moto inapotokea. Feni huvuta hewa kutoka chini na kuipitisha katikati ya mapezi hayo. Basi, joto likiruka kutoka 50 hadi 97 ndani ya sekunde chache tu za kuanza kazi, na ukiweka kiganja kwenye tundu la hewa unasikia upepo wa vuguvugu tu, maana yake joto halifiki kwenye mapezi. Pesti imekauka au kibati hakijabana. Lakini likipanda taratibu kwa dakika kadhaa, hewa inayotoka ikawa chache na ya moto sana, mwili wa laptopu wote ukachemka, mapezi ndiyo yameziba. Zote mbili zinaweza kuwepo kwa pamoja, na kwenye mashine iliyokaa miaka mingi bila kufunguliwa mara nyingi zipo.

Kipimo cha karatasi nacho kinafaa kwa asiyetaka programu. Chana ukanda mwembamba wa karatasi ya chooni, ushike mbele ya tundu la hewa wakati feni inanguruma. Usipopepea, hewa haitoki. Usidanganywe na tochi, maana ukimulika kutoka nje utaona mapezi yanang'aa, safi kabisa. Vumbi hujibana upande wa ndani, kati ya feni na mapezi, mahali ambapo jicho halifiki mpaka feni ing'olewe.

Kuna HP EliteBook 840 G3 moja, zile za 2016 zinazoletwa kwa wingi zikiwa zimetumika maofisini huko nje. Mwenye nayo alikuwa ameshapuliziwa kwa kompresa kupitia matundu, bila kufunguliwa, na joto likarudi palepale. Niligeuza, nikalegeza skrubu za mfuniko wa chini, zile ambazo hazidondoki hata zikilegea, nikachomoa betri, nikang'oa feni. Mbele ya mapezi kulikuwa na tabaka la kijivu lililoshikana. Nililishika kwa kibano kwenye ncha moja likanyanyuka lote kwa pamoja, kipande kizima kama blanketi, lina nyuzi za zulia na nywele za watu ambao sitawajua. Kompresa ilikuwa imelisukuma nyuma kidogo, likabaki ndani, feni ikalirudisha. Pesti nayo ilikuwa imekuwa unga. Niliikwangua kwa kadi ya zamani ya simu ikamwagika mezani. Kazi ile ile iliyokuwa ikiifikisha 97 baada ya hapo iliishia 74. Hiyo ndiyo laptopu ambayo servisi yake ni hela halali.

Kwa hiyo kupulizwa kwa nje nakuweka mahali pake, yaani ni unafuu wa muda, na kuna hatari yake. Upepo wa kompresa huzungusha feni kwa kasi kuliko ilivyoundwa na kuua beringi, na kompresa isiyotolewa maji hurusha matone juu ya mazabodi (ubao mkuu wa laptopu). Fundi akielekeza bulowa kwenye laptopu iliyofungwa na feni inalia kama king'ora, mwambie kwa heshima aache.

Wakati ambao hulipi

Kuna laptopu hazina feni kabisa. MacBook Air za kuanzia M1 ya 2020 ni hizo, na laptopu nyingi ndogo za bei nafuu zenye prosesa ya Celeron pia. Hakuna feni, hakuna hewa inayovutwa, hakuna blanketi la vumbi. Anayekuuzia servisi ya feni kwa MacBook Air M1 muulize hiyo feni iko wapi.

Laptopu mpya iliyo ndani ya waranti usiifungue mtaani. Soma karatasi yako, na angalia kama muuzaji amebandika stika juu ya skrubu. Ikichemka ikiwa mpya, irudishe ilikotoka.

Laptopu za michezo zinahitaji tahadhari ya peke yake. Baadhi, zikiwemo ASUS ROG kadhaa, zinatoka kiwandani na metali ya majimaji badala ya pesti. Metali hiyo inapitisha umeme na inakula alumini. Tone moja likitiririka kwenye vipande vidogo vya mazabodi, umefanya hasara ya laptopu nzima. Kama fundi wako hajui jambo hilo kabla hujamwambia, chukua mashine yako.

Na ipo laptopu ambayo umri umeshasema. Betri haikai, bawaba imevunjika, ukiiuza leo hupati hata 150,000. Kuitilia 35,000 ya pesti ni uamuzi wako, lakini mimi ningesema hapana isipokuwa ni ya mtoto kujifunzia. Ongeza na hili: Microsoft ilifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, kwa sehemu kubwa, prosesa za kizazi cha 8 kuendelea. Ile EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6. Bado ni mashine nzuri, na Linux inaitosha, ila kama umepanga kuibadilisha mwaka huu, hela ya servisi iweke kwenye hiyo mpya.

Kabla ya kulipa jaribu pia vitu viwili vya bure. Inua nyuma ya laptopu kwa vitabu viwili, upime tena. Joto likishuka nyuzi nyingi, tatizo lilikuwa hewa ya chini, na labda ni ile tabia ya kuitumia juu ya godoro. Cha pili, kwenye Power Options ndani ya Control Panel, tafuta Maximum processor state uiweke 99 badala ya 100. Kwenye prosesa nyingi za Intel hiyo inazima mbio za Turbo, yaani kasi ya ziada. Utapoteza kasi kidogo na joto litashuka sana. Kwa anayeandika barua na kusoma mtandaoni, anaweza kuishi hivyo mwaka mzima.

Wakati ambao ningelipa bila kubishana

Umenunua laptopu iliyotumika na hujui imetoka wapi. Unafanya kazi mahali pa vumbi jembamba: darasa la chaki, mashine ya kusaga, eneo la ujenzi (na huku kwetu ujenzi hauishi tangu serikali ihamie), saluni ambako nywele zinaruka, jikoni kwa mkaa. Wa pwani, Tanga au Unguja, mna vumbi pungufu lakini unyevu na chumvi hulifanya linate, na shaba huanza kuota kutu ya kijani. Ninyi msipime kwa vumbi tu, mfunguliwe mtazamwe. Halafu mende. Laptopu ina joto, giza na usalama, wanachotaka ni nini kingine? Nimekuta mayai yao pembeni mwa feni. Ukiona mmoja anatoka kwenye tundu la USB, usingoje joto lipande.

Na padi ya kugusia ikianza kuinuka, au mfuniko wa chini ukafura, hilo si suala la kusafisha. Betri imevimba. Zima, usichaji tena, ipeleke ikatolewe.

Ukishaamua kuipeleka

Usiulize bei kwanza. Uliza "utafanya nini?" Jibu ninalolitegemea kwa fundi wa kweli ni kwamba ataanza kwa kuchomoa betri ndani, atang'oa feni, atasafisha mapezi kutoka upande wa ndani, ataifuta pesti ya zamani kwa spiriti kali isiyo na maji mengi, atapaka mpya, na ataangalia zile padi laini za joto zilizo pembeni. Padi iliyochanika hubadilishwa kwa padi ya unene ule ule. Anayejaza pesti mahali pa padi anaacha nafasi kati ya chipu na kibati, na chipu hiyo itaungua baadaye ukiwa mbali naye. Ukisikia petroli, thina au mafuta ya taa, ondoka.

Muulize pia feni na mazabodi zimekaaje kwenye modeli yako. Kwenye ThinkPad T480 au Latitude nyingi unafungua mfuniko wa chini na feni iko mbele yako, kazi rahisi. Kwenye baadhi ya laptopu za nyumbani feni iko upande wa pili wa mazabodi, hivyo lazima kila kitu kitoke: kibodi, tepe zote za nyaya, mazabodi yenyewe. Hapo bei kupanda ni haki, na hatari ya klipu kuvunjika au utepe kuchanika inapanda pia. Kama laptopu ya namna hiyo inafika nyuzi 85 tu, mimi nakushauri uiache ilivyo.

Kwangu kufungua na kupuliza ni 20,000. Pamoja na pesti ni 35,000. Kwako itatofautiana. Pima dhidi ya thamani ya laptopu na dhidi ya SSD, maana hela yako ni moja.

Sasa jambo ambalo mafundi wenzangu hawapendi niliseme. Kabla hujaiacha mashine, andika ulichonacho. Task Manager inakuonyesha ukubwa wa RAM na jina la diski, piga picha. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, ihifadhi ripoti hiyo kwenye simu. Ina uwezo wa betri ulivyo leo. Wapo watu wameingia na RAM ya GB 16 wakatoka na 8, na wakagundua baada ya wiki. Nywila usitoe. Kusafisha hakuhitaji kuingia kwenye mafaili yako. Fundi anaweza kupima joto kwa kuwasha Linux kutoka kwenye flashi, au wewe ukaingia mwenyewe mbele yake. Mafaili muhimu yanakiliwe kwanza, si kwa sababu ya vumbi bali kwa sababu binadamu hudondosha vitu.

Bora zaidi, kaa pale ifunguliwe ukiona. Laptopu rahisi haimalizi saa moja. Skrubu zitapangwa kwa mpangilio, maana ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inatoboa mazabodi au inainua kibodi. Feni ishikwe isizunguke wakati wa kupuliza. Mimi naiziba kwa njiti ya kibiriti. Skrubu za kibati mara nyingi zina namba 1, 2, 3, 4 zilizopigwa pembeni, na zinakazwa kwa zamu kufuata namba hizo, kidogo kidogo. Anayekaza moja mpaka mwisho ndipo aende nyingine anakiinamisha kibati, na pesti haitakuwa na faida.

Kabla ya kulipa, rudia kipimo kile kile cha 7-Zip, kwa muda ule ule, juu ya meza ile ile. Kama ilikuwa 97 na sasa ni 78, lipa na ushukuru. Kama imeshuka nyuzi mbili tatu tu, usikubali maneno ya "itazoea". Muombe asikilize feni: ikikwaruza, au ikizunguka polepole wakati mashine imechemka, inahitaji kubadilishwa, na feni nzuri ya kuchomoa kwenye laptopu iliyokufa ya modeli hiyo hiyo mara nyingi hupatikana kwa bei nafuu kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka. Feni ikiwa nzima na kibati kimebana, shuku lile bomba la shaba. Likipinda au kutoboka, halibebi joto tena, na hapo unabadili kibati chote na bomba lake. Gharama ya kusafisha hulipwa mara moja tu, kwa hiyo cha kuongezea hapo ni spea na ufundi wa kuifunga.